Nafika Mbezi alfajiri, ndege ni usiku: sanduku niliache wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbeya, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Natoka Mbeya na basi la usiku, nategemea kufika Stendi ya Magufuli pale Mbezi kama saa kumi na moja alfajiri. Ndege yangu ya Muscat ni saa tano usiku siku hiyohiyo, naenda kwa dada yangu kajifungua. Nina sanduku kubwa, begi la mgongoni na kiroba cha mchele wa Kyela. Mchana nataka nipite Kariakoo ninunue vitenge na vitu vya mtoto, alafu nina shangazi yangu Mbagala Rangi Tatu nilitaka nimsalimie. Mizigo niache wapi? Ofisi ya basi, kwa shangazi, au niipeleke tu uwanja wa ndege asubuhi? Kuna mtu kaniambia stendi kuna vijana wanatunza kwa elfu tano."

Marahaba dada, na hongereni kwa mtoto. Mi nimekaa mapokezi ya loji hapa Dar miaka kadhaa kabla sijaanza kazi ya kupangia watu safari, kwahiyo mabegi ya watu nimeyatunza mengi tu, nimeyatafuta mengine yalipopotea, na nimetukanwa kwa ajili ya mengine ambayo hata sikuyaona. Nakujibu kwa kirefu maana swali lako lina mitego mingi kuliko unavyodhani, na mtego mkubwa wala hauko kwenye kuibiwa.

Mtego uko kwenye ramani. Karibu kila mtu anayefika mjini na mizigo, akili yake inamwambia aitue palepale aliposhukia, maana kachoka, mgongo unauma, anataka awe mwepesi haraka. Mimi nakwambia kinyume chake: mzigo uache karibu na unapoondokea, sio unapofikia. Ichore Dar kichwani. Mbezi Luis iko juu huko Barabara ya Morogoro, ukitoka pale mpaka Posta au Kariakoo unakula kilomita 20 na kitu. Uwanja wa ndege uko Kipawa, Barabara ya Nyerere, upande mwingine kabisa. Mbagala nayo iko kusini, Barabara ya Kilwa. Hizo ni pembe tatu za mji, na barabara zake zote tatu zinaelekea katikati ya mji, upande wa Kariakoo. Sasa ukiacha sanduku Mbezi, jioni utatoka Kariakoo kurudi Mbezi, saa ileile ambayo watu wote wa Kimara, Mbezi na Kibaha wanarudi makwao, utachukua sanduku, alafu uanze upya safari ya kuteremka mpaka Kipawa. Yaani mji umeukata mara tatu kwa ajili ya sanduku moja.

Najua kwa sababu nimelifanya hilo mwenyewe, tena nikiwa tayari najiita mzoefu. Nilishuka asubuhi, nikaacha begi ofisi ya basi nililokuja nalo, wakanipokea vizuri tu, nikaenda mjini kwenye shughuli zangu. Saa kumi na nusu nikaanza kurudi. Foleni ikanikamata Ubungo, ikaniachia kidogo, ikanikamata tena Kimara, nafika pale saa mbili kasoro nakuta ofisi ina kufuli. Hakuna aliyekosea, dada wa ofisi alimaliza mabasi yake ya siku akaenda nyumbani, na mimi sikuuliza wanafunga saa ngapi. Nikampata kwa simu baada ya kuzunguka kwa majirani zake nusu saa nzima, alikuwa tayari yuko kwenye daladala anaenda kwake, akarudi kwa wema wake tu. Nilikuwa nasafiri kesho yake asubuhi kwahiyo niliponea hapo, ila wewe una ndege ya usiku uleule, huna nafasi ya kuponea.

Kwahiyo plani yangu kwako iko hivi. Ukishuka Mbezi usikimbilie popote, kaa ndani ya stendi mpaka kupambazuke vizuri, kunywa chai, nenda msalani, saa kumi na mbili na nusu hivi ndio utoke. Kutoka pale usiende mjini na mizigo hata kidogo. Kuna barabara ya lami inatoka Mbezi Mwisho inapita Malamba Mawili, Kinyerezi, inatokea Banana, ambako ukikunja kulia unaenda Ukonga na Gongo la Mboto, kushoto unarudi uwanja wa ndege. Watu wengi wa mikoani hawaijui hii njia, wanapelekwa Ubungo, Mandela, Tazara, wanaanza kuhesabu malori. Chukua Bolt au bajaji uliyokubaliana nayo bei kabla hujaweka mzigo, mwambie dereva kabisa "pita Kinyerezi, unishushe Banana" au Kipawa, kutegemea na loji utakayochagua. Bodaboda na sanduku la kilo 23 usithubutu, hata akikwambia amebeba friji jana.

Eneo lile lote kuanzia Kipawa, Karakata mpaka Banana lina loji na gesti nyingi, za bei zote, na wenyewe wamezoea wateja wenye ndege za usiku wa manane. Tafuta moja mapema, ukiwa bado Mbeya, piga simu. Chumba cha kawaida safi cha elfu thelathini, arobaini kinakutosha, na hiyo hela usiione kama hasara maana hununui kitanda, unanunua mahali pa kuoga baada ya usiku mzima kwenye basi, mlango wenye ufunguo unaokaa na wewe, na dakika chache tu za kufika uwanjani jioni. Kama hela imebana kabisa unaweza kuomba kuacha mizigo tu bila chumba ukawapa elfu tano au kumi, wapo wanaokubali. Ila kati ya mzigo ulioko chumbani kwako na mzigo ulioko nyuma ya kaunta kuna tofauti kubwa, ntaifikia.

Kwanza nikutoe kwenye aibu moja. Ukipiga simu gesti ukasema unataka chumba "cha kupumzika" mchana, au mbaya zaidi ukasema "shoti taimu", mhudumu ataelewa kitu kingine kabisa na atakutajia bei ya kitu hicho kingine, kwa saa. Sema wazi: "nina ndege leo saa tano usiku, naingia saa moja asubuhi na mizigo, natoka saa moja usiku, nalipia siku nzima." Hapo mmeelewana.

Alafu kuna huu mtego wa saa nne. Loji nyingi za kwetu siku inaisha saa nne asubuhi, mgeni anatakiwa atoke. Sasa wewe umeingia saa moja asubuhi, kwa hesabu yao unaweza kuwa umeingia kwenye usiku ulioisha, na saa nne asubuhi unagongewa mlango utoke au ulipe tena, au wewe haupo, uko Kariakoo, wanakutolea mizigo yako wanaiweka koridoni ili wapige deki. Nimeona hilo likitokea, na mwenye loji alikuwa na haki kwa maandishi yake yaliyobandikwa ukutani. Kwahiyo kubali kabisa kwa mdomo, alafu hakikisha kwenye risiti wameandika saa ya kutoka. Usione noma kuomba iandikwe, aliyekupokea asubuhi siye atakayekuwepo saa kumi, wanabadilishana shifti, na anayekuja jioni anaamini karatasi tu.

Na hapohapo kwenye shifti ndio mabegi mengi yanapopotelea, kwenye hizi gesti zetu kuliko hata wezi. Nikiwa mapokezi kuna baba mmoja aliacha begi lake asubuhi kwa mwenzangu, akapewa neno tu, "usijali mzee liko salama". Kweli lilikuwa salama, salama kuliko alivyotaka. Mwenzangu aliliweka stoo ya mashuka, akamaliza shifti akaenda, stoo ina ufunguo mmoja, ufunguo anao meneja, meneja kaenda msibani Kibaha. Mzee wa watu kasimama mbele yangu saa kumi na moja jioni ana basi lake, mi sijui begi liko wapi, sina ufunguo, simu ya meneja haipatikani. Tulikuja kung'oa kitasa. Tangu siku ile kila mtu anayeniuliza namwambia maswali ya kuuliza unapokabidhi begi ni matatu tu: linakaa wapi hasa, ufunguo wa hapo anao nani, na saa ntakayorudi yeye atakuwepo? Ukijibiwa "usijali" kwa yote matatu, beba begi lako.

Ukiwa na chumba haya yote yanapungua, ila hayaishi. Yale maandishi ya gesti unayajua, "kabidhi vitu vya thamani mapokezi, la sivyo uongozi hautahusika". Wanamaanisha. Kwahiyo kabla hujatoka Mbeya gawa vitu vyako mara mbili. Vitu ambavyo vikipotea safari imekufa vinakaa mwilini: paspoti, viza, kadi ya homa ya manjano, hela, simu, dawa kama unatumia, na namba ya simu ya dada yako imeandikwa kwenye karatasi maana simu ikizima au ikiibiwa hukumbuki namba ya mtu. Hivi vinakaa kwenye kipochi cha kuvaa ndani ya nguo, sio kwenye begi la mgongoni, na ukiwa Kariakoo hata hilo begi la mgongoni usiende nalo. Vingine vyote, nguo, viatu, zawadi, ni vitu ambavyo vikipotea utalia siku mbili utanunua vingine, hivyo ndio vya kuacha loji. Pawabenki isiingie kwenye sanduku la kupakia chini ya ndege, hairuhusiwi, weka kwenye begi la mkononi mapema usije ukafunguliwa sanduku mbele ya watu. Asali na mafuta ya nazi ni kinyume chake, vinaenda kwenye sanduku, mkononi utanyang'anywa.

Sanduku lifunge kufuli, alafu lipige picha tatu, likiwa wazi linaonyesha vitu vya juu, likiwa limefungwa, na kwenye lebo yenye jina na namba yako. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mkono wake, kipande cha kitenge kinatosha, masanduku meusi yote duniani yanafanana. Ile picha sio ya polisi tu, ni ya yule mhudumu wa shifti ya jioni, unamwonyesha "naomba hili hapa" mnamaliza. Na ukirudi jioni angalia kufuli na mifuko ya nje, ile zipu ndogo ya mbele hasa, kabla hujaondoka pale. Tafadhali hili usilichukulie kirahisi, wewe unaenda nje ya nchi, chochote kitakachokutwa ndani ya lile sanduku ni chako, hakuna atakayesikiliza kwamba lilikaa mahali mchana kutwa. Na mtu yeyote, awe mhudumu, awe abiria mwenzio, awe jirani wa shangazi, akikuomba umpelekee "kifurushi kidogo tu" Muscat, kataa ukicheka, kataa ukinuna, lakini kataa.

Sasa nikujibu ulivyouliza moja moja.

Ofisi ya basi sio mahali pabaya kwa maana ya uaminifu. Wana dawati, wana kitabu, wanashughulika na vifurushi kila siku na jina lao liko kwenye basi, mtu mwenye jina la kupoteza anatunza vitu vizuri kuliko asiyejulikana. Inafaa sana kwa mtu anayeunganisha basi, mfano katoka Mbeya anaenda Tanga jioni, huyo aache palepale Mbezi, apewe kipande chenye namba, aulize saa ya kufunga, basi. Na kampuni nyingi zina ofisi nyingine Shekilango na Urafiki, ukiwa na kazi za mjini ni bora kuacha huko kuliko Mbezi maana uko karibu na mabasi ya mwendokasi. Ila kwako wewe wa ndege bado ni upande usio wako.

Vijana wa elfu tano hapana. Siwasemi vibaya wote, wapo wanaotafuta riziki kihalali na wamekuwepo tangu stendi iko Ubungo kabla haijahamishiwa Mbezi mwaka 2021. Tatizo ni kwamba unakabidhi sanduku kwa mtu usiyejua jina lake, mahali pasipo na mlango. Akikupa namba ya simu ukaibipu palepale ikaita mfukoni mwake, bado umepata namba tu. Na wakati wa kushuka kuwa makini na yule anayewahi buti kabla yako, anashika sanduku lako "nikusaidie dada" na miguu tayari inatembea. Kaa kwenye siti ukiwa macho kuanzia Kibaha, kipande cha mzigo alichokupa konda kiwe mkononi, shuka wa kwanza usimame kwenye buti. Hata njiani, Msamvu na Chalinze, buti likifunguliwa tupia jicho.

Kwa shangazi, hapo dada nakuelewa, na ndio jibu ambalo mama yako angekupa. Kwa usalama hakuna loji itakayomshinda shangazi. Lakini tuongee ukweli, hakuna mtu anayeacha mzigo kwa shangazi akaondoka. Utafika, utakalishwa, chai italetwa, ataulizwa kila mtu wa Mbeya mmoja mmoja kwa jina, jirani ataitwa aje akuone, na hutatoka pale kabla ya wali. Na hutakiwi kutoka kabla, ni adabu. Kutoka Mbezi mpaka Rangi Tatu na sanduku ni safari nusu ya mji, kutoka Rangi Tatu kurudi Kipawa jioni ni safari nyingine. Ukifanya hivyo Kariakoo huendi, chagua kimoja. Mimi ningempigia simu siku mbili kabla, ningemweleza muda wenyewe ulivyo, alafu ningemwomba mkutane Kariakoo, yeye kutoka Mbagala ni gari moja, mnakula chakula cha mchana pamoja, unampa mchele wake kidogo (nitafika kwenye mchele), na kwenye vitenge atakusaidia kupatana bei kuliko mimi na wewe. Mashangazi wakielezwa mapema hawana shida. Wakishtukizwa ndio wanakumbuka mpaka harusi ya mwanao.

Kuupeleka uwanja wa ndege asubuhi, watu wengi wanadhani hii ndio akili. Tatizo kaunta ya shirika lako kwa kawaida inafunguliwa kama saa tatu kabla ya ndege, yaani kwako saa mbili usiku. Ukifika saa mbili asubuhi na sanduku hakuna wa kumkabidhi, utakaa nalo kwenye viti vya nje siku nzima, na kuliacha peke yake hata dakika tano ukanunue maji ni kujitafutia kesi. Na ukienda, ndege za nje zinatumia Terminal 3, lile jengo jipya la 2019, sio Terminal 2 ya kina Mbeya na Mwanza, nasema hivi kwa sababu mara moja moja dereva anamshusha mtu palipo na foleni fupi.

Kuna wanaoniuliza mbona Ulaya kwenye stesheni za treni kuna makabati unaweka sarafu unafunga begi unaondoka, sisi hatuna. Hata wenzetu hayapo kila mahali. Disemba 29, 1975 bomu lilifichwa sehemu ya makabati ya mizigo uwanja wa LaGuardia kule New York likaua watu 11, na baada ya Septemba 2001 viwanja vingi vya Marekani vikayaondoa kabisa. Sisi yetu tuliyaona Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Dar na Nairobi siku moja, yale mabomu yalikuwa kwenye magari sio mabegi, lakini toka hapo walinzi wetu wakiona begi limekaa peke yake hawalipendi, na wana haki. Siku hizi miji mikubwa huko nje kuna programu za simu, kama Stasher iliyoanzia London 2015, unalipia kwa simu alafu unaenda kuacha begi kwenye hoteli au duka la mtaani. Ukiangalia vizuri ni kitu kilekile tunachofanya sisi bila programu, kumwachia mtu mwenye kaunta na mlango, isipokuwa wao kuna risiti. Kwahiyo lazimisha risiti.

Tukirudi Kariakoo. Kutoka Banana au Kipawa unapanda daladala za Gongo la Mboto, Kariakoo, ukiwa na kipochi chako na mfuko mtupu mmoja wa kuwekea utakavyonunua. Wahi kutoka, saa tatu asubuhi uwe Kariakoo. Ukinunua duka la kwanza, hasa la vitenge kama umenunua vingi, mwombe mwenye duka akutunzie mzigo ukizunguka kwingine, ni kawaida kabisa pale, wateja wa mikoani wote wanafanya hivyo. Masharti ni yaleyale, chukua risiti yenye jina la duka na namba, piga picha kibao cha duka na mtaa maana Kariakoo ukizunguka mara mbili mitaa yote inakuwa mmoja, na uliza wanafunga saa ngapi. Kama siku yako ni Ijumaa jua kwamba kuanzia saa sita na kitu mchana maduka mengi yanafungwa kwa ajili ya swala, usije ukawa umeacha mzigo ndani na wewe unataka kuwahi gari. Jumapili pengine hata hilo duka halifunguliwi.

Saa tisa alasiri uwe umeanza kurudi. Sio saa kumi, saa tisa. Barabara ya Nyerere jioni inabeba watu wote wa Vingunguti, Ukonga, Gongo la Mboto mpaka Chanika, na haitabiriki kabisa. Ukifika loji saa kumi una masaa matatu ya kuoga, kupanga upya sanduku na kulala kidogo. Ukifika saa kumi na mbili na nusu una kazi ya kuhema tu.

Wengine mtakaosoma hili na safari yenu ni tofauti, kanuni haibadiliki, kinachobadilika ni mahali tu. Ukitoka Dodoma na treni ya SGR unashuka katikati ya mji, na kama unaenda Zanzibar boti nazo ziko hapohapo mjini pembeni ya bahari, kwahiyo mtu wa hivi aache mizigo kwenye loji za Kisutu au mtaa wa Libya, anatembea kwa mguu au bajaji ya dakika chache mpaka bandarini. Ukifika Unguja asubuhi na hoteli yako Mji Mkongwe inapokea wageni saa nane mchana, usikae na mabegi Forodhani, nenda moja kwa moja hotelini uwaachie, wageni waliokwisha weka nafasi hawalipishwi kwa hilo. Na siku ya kuondoka vilevile, unarudisha ufunguo asubuhi, mabegi yanabaki kwao mpaka saa ya boti. Hoteli ulizolala au utakazolala ndio stoo ya bure iliyopo dunia nzima na watu wanaona aibu kuiomba.

Sasa mchele. Kwanza upime ukiwa bado Mbeya, sio mezani uwanjani. Nenda na sanduku lako kwa muuza nafaka mwenye mzani mkubwa, weka juu, soma, alafu angalia tiketi yako inaruhusu kilo ngapi na vipande vingapi, maana kiroba na sanduku ni vipande viwili na tiketi nyingine zinahesabu kipande kabla ya kilo. Ukiona umezidi, ni nafuu kumpunguzia shangazi kilo tano pale Kariakoo kuliko kulipia kilo hizohizo kwenye kaunta, utajikuta mchele wa Kyela umekuwa ghali kuliko nyama ya Muscat. Ila hicho cha shangazi kitenge pembeni mapema, kwenye mfuko wake, usije ukafungua kiroba chote loji. Mchele wenyewe utie kwenye mfuko wa nailoni nzito ndani, kiroba nje, shona mdomo, usifunge kamba tu, alafu andika jina kwa makapeni pande zote mbili.

Na ukifika chumbani usiuweke chini. Weka juu ya kiti au juu ya meza. Nimekaa loji miaka mingi, panya wa Kipawa hawaulizi tiketi.

Safari njema, msalimie dada, na mtoto akipewa jina tuambie.